Ramani Iliyokula Salio

Jumanne hiyo, saa moja asubuhi, Yurub Abdullahi alifungua kompyuta ofisini kabla hata ya kuvua viatu vilivyojaa tope. Mto Tana ulikuwa umevunja kingo zake, barabara ya upande wa Mororo imekatika, na nusu ya mji wa Garissa ilikuwa imekwenda kuyatazama maji. Yeye hakwenda. Alitaka kuona namba moja tu kwenye skrini, nayo ilikuwa 288. Salio limejaa. Hapo ndipo alipovua viatu.

Yurub alikuwa na miaka ishirini na tisa, na ndiye aliyeandika mfumo uitwao Daad, neno la Kisomali lenye maana ya mafuriko. Shirika lao dogo la uokoaji liliutumia kila mto ulipofurika. Mtu aliyezingirwa na maji alituma ujumbe wa simu kwenye namba fupi, akitaja mahali alipo, wako watu wangapi, na kama kuna mgonjwa. Mfumo uliusoma ujumbe, ukahakikisha si marudio, ukaupeleka kwa boti iliyo karibu, kisha ukamjibu mwenyewe: Tumepokea, boti inakuja.

Mashine iliyofanya kazi hiyo haikuwa Garissa. Ilikuwa ya kukodi, iko ng'ambo, inafikiwa kwa mtandao. Yurub mwenyewe ndiye aliyeichagua miaka miwili nyuma, tena kwa kujivunia. Ilikuwa ya aina inayokwenda kwa salio. Ikikaa bila kazi, inajiwekea salio moja kila baada ya dakika tano, hadi ifike 288. Kazi ikija kwa wingi, inalitumia salio hilo kukimbia kwa nguvu zake zote. Salio likiisha haizimiki, ila inarudishwa kwenye sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na hapo inakokota miguu. Kwa mto unaofurika siku chache kwa mwaka, na miaka mingine usifurike kabisa, Yurub aliona hiyo ndiyo mashine yenyewe. Hakuna aliyempinga.

Saa mbili namba ilisoma 180.

"Abdiqani," aliita, "jumbe zimeingia ngapi?"

Abdiqani, mratibu wa boti, alikuwa ameegemea dirisha akiwa na simu mbili, moja kila sikio. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, aliyeendesha malori ya kwenda Liboi, mpakani, miaka kumi kabla mgongo haujamshinda. Alitoa simu moja sikioni. "Arobaini na kitu. Kwa nini, abaayo, dada yangu?"

"Hakuna kitu."

Lakini kulikuwa na kitu. Ujumbe arobaini na kitu hauwezi kula salio mia na nane kwa saa moja. Yurub alisimama, akaketi, akasimama tena. Kwenye meza chai ya maziwa ilikuwa inafanya utando juu. Aliiangalia namba ikishuka, 171, 169.

Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye majina ya mahali. Watu waliandika kwa namna walivyotamka: Kotile, Kotili, Godile, Kotila. Mfumo ulilinganisha kila jina na majina mengine yote ili ujue ni kijiji kimoja. Hiyo ilikuwa kazi nzito, alikumbuka kuiandika kwa haraka, na sasa aliamini kabisa kwamba hapo ndipo penye kidonda. Alitumia saa nzima kuiandika upya, mikono ikikosea herufi, huku Abdiqani akipaza sauti nyuma yake kuwaelekeza watu wa boti. Saa tatu na robo aliiweka kazini. Akasubiri.

Namba iliendelea kushuka kama vile hakufanya lolote.

Saa tatu na dakika arobaini salio lilifika sifuri. Hapakuwa na king'ora wala taa nyekundu. Kilichobadilika ni sauti ya Abdiqani.

"Yurub, boti tatu zinaniuliza ziende wapi. Mbona sioni kitu kipya?"

"Ujumbe unaingia. Hausomwi."

"Unaingia wapi?"

"Kwenye foleni. Mashine imechoka. Inasoma mmoja kwa dakika mbili."

"Foleni ina wangapi?"

Alitazama. "Mia moja na tisini."

Abdiqani aliweka simu zote mbili juu ya dirisha. "Izime uiwashe," alisema. "Hata lori likigoma unalizima kwanza."

"Nikiizima, foleni inapotea. Iko kwenye kumbukumbu ya mashine tu, sikuiandika mahali pengine." Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka. "Watu mia na tisini watapotea kama hawakutuma kitu."

"Weka mashine kubwa zaidi, basi."

"Hata kwa hiyo lazima niizime hii kwanza. Ipo njia nyingine. Naweza kuiruhusu ipite kikomo chake bila salio, tulipie ziada. Lakini ruhusa hiyo imefungwa, na ufunguo anao Keynan."

Keynan alikuwa mkurugenzi wao. Asubuhi hiyo alikuwa Nairobi, kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya wafadhili. Yurub alimpigia mara tatu, hakushika. Alimtumia ujumbe: fungua kikomo, ni dharura. Kisha akarudi kutafuta ni nini hasa kinachokula nguvu, kwa sababu kukaa tu hakuweza.

Alianza kuzipitia kazi za mashine moja moja, na kwa mwendo ule kila ukurasa ulichukua dakika kadhaa kufunguka. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Alitafuna ncha ya mtandio wake. Nje watu walikuwa wakipita mbio na magodoro vichwani, na helikopta ilipita chini chini mpaka vioo vikatetemeka. Foleni ikawa mia mbili na hamsini.

Saa nne na nusu aliona.

Ilikuwa ramani.

Daad ulikuwa na ukurasa wa ramani, wazi kwa kila mtu. Kila ombi la msaada lilionekana kama nukta nyekundu, boti kama nukta za bluu zinazotembea juu ya maji. Yurub aliutengeneza ukurasa huo kwa mapenzi. Uliwavutia wageni, na Keynan alipenda kuuonyesha kila alikokwenda. Usiku uliopita Keynan aliituma anwani yake kwenye makundi ya WhatsApp, na makundi yakaituma kwa makundi mengine. Sasa watu elfu nne na mia moja walikuwa wakiitazama kwa wakati mmoja, kutoka Wajir, Mandera, Eastleigh, hata Minneapolis kule Marekani, wakitafuta vijiji vya mama zao. Na kwa kila mmoja wao, kila baada ya sekunde kumi, mashine ile ndogo iliichora ramani nzima upya, tangu mwanzo. Yurub ndiye aliyeiandika hivyo. Siku alipoiandika watazamaji walikuwa saba, na ilipendeza kuona nukta zikitembea.

"Ni ramani," alimwambia Abdiqani. "Wanaotazama ndio wanaowaziba wanaoomba."

"Izime."

Aliweka kidole juu ya kitufe. Simu yake ikalia. Keynan.

"Yurub, haraka, natakiwa kusimama kuzungumza. Nini?"

"Mashine imekwisha salio. Nataka mambo mawili. Fungua kikomo, na nizime ramani."

"Ramani? Hapana, hapana. Iko ukutani hapa, wanaitazama sasa hivi. Kuna mtu amelia, wallahi, machozi kabisa. Usiiguse."

"Foleni ina watu mia mbili na themanini, Keynan."

"Na pesa za boti mpya ziko kwenye chumba hiki. Nipe nusu saa. Nikishuka jukwaani nitakufungulia kikomo na ramani ibaki. Hiyo ni sawa? Nusu saa tu."

Akakata.

Yurub alikaa na simu mkononi. Nusu saa. Kikomo kikifunguka, kila kitu kingekwenda, ramani na ujumbe pamoja. Akizima ramani, atakuwa amemwaibisha mkurugenzi mbele ya watu walioshika pesa za boti, na pengine hana kazi kesho. Na Keynan hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwajiri wakati ofisi tatu zilimwambia hawajawahi kuona msichana wa Garissa anayeandika programu.

Aliamua kungoja.

Kulikuwa kungoja kubaya kuliko kote alikowahi kungoja. Alizunguka meza. Alihesabu vigae vya sakafu. Alifungua foleni, akaifunga, akaifungua: 288, 295, 301. Kila ujumbe aliweza kuuona mstari wake wa kwanza tu, namba ya simu na saa ulipoingia, bila maneno. Abdiqani alikuwa akizituma boti kwa kubahatisha, kwa kukumbuka mafuriko ya zamani yalipita wapi.

Saa tano kamili nusu saa ilikwisha. Keynan hakupiga. Saa tano na dakika tano alimpigia, simu imezimwa.

"Abaayo," alisema Abdiqani taratibu, "huyo anazungumza bado. Mtu akipewa kipaza sauti hajui saa."

Saa tano na dakika kumi Yurub aliizima ramani. Badala yake aliweka mstari mmoja wa maandishi: Ramani imesimamishwa ili boti ziwafikie watu.

Mashine haikupata salio kwa hilo, ilibaki na ile sehemu moja ya kumi ya nguvu. Lakini sehemu hiyo yote sasa ilikuwa ya ujumbe. Badala ya mmoja kwa dakika mbili, ilianza kusoma mmoja kila sekunde kumi hivi. Skrini ya Abdiqani ilianza kujaa. Alizichukua simu zake dirishani, sauti yake ikarudi kuwa ile nzito.

"Nyumba mbili nyuma ya msikiti, watu tisa. Boti ya pili, umesikia? Tisa. Shuleni, thelathini na wawili, watoto wengi. Boti ya nne na ya tano, nendeni pamoja."

Keynan alipiga saa sita na robo, akipiga kelele hata kabla ya salamu. Ukuta umekuwa mweupe katikati ya hotuba yake. Watu wamecheka. Yurub alimwacha amalize.

"Tumesoma ujumbe mia tatu na arobaini tangu niizime," alisema. "Kwa ile saa na nusu kabla yake tulisoma hamsini. Nitakutumia uone mwenyewe. Sasa fungua kikomo, tafadhali."

Upande wa pili ilisikika sauti ya vikombe. "Hamsini?" Keynan aliuliza hatimaye, kwa sauti nyingine.

"Hamsini."

"Niambie nibonyeze wapi."

Saa sita na nusu kikomo kilifunguka na mashine ikakimbia. Foleni ikawa tupu. Kufikia magharibi, boti sita zilikuwa zimewatoa watu mia sita na kumi na wanne. Ofisini watu walikumbatiana. Keynan aliandika kwenye kundi la kazi kwamba Yurub ni shujaa, na kwamba kosa la ramani ni lake yeye, Keynan.

Yurub alikuwa akitazama maelezo ya boti ya tatu, ile ya upande wa Kotile, iliyoendeshwa na Abdiwahid. Ujumbe ulisema: watu sita, mzee mgonjwa. Abdiwahid alikuwa ameandika: nimechukua watano. Mzee amefariki kabla sijafika. Inna lillahi.

Ujumbe ule uliingia saa nne kasoro dakika tano. Ulisomwa saa tano na dakika thelathini na nne. Boti ilifika saa saba na nusu, baada ya kupeleka kwanza wengine nchi kavu.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Ujumbe aliupa mashine yake pekee, isiyogusana na ramani. Foleni sasa iliandikwa mahali pa kudumu, ili mashine izimwe na kuwashwa bila mtu kupotea. Ujumbe wenye mgonjwa ulitangulizwa. Ramani ilichorwa mara moja kila dakika kumi, watu wote wakapewa picha moja ileile, na watazamaji elfu nne hawakuwa mzigo tena. Salio likishuka chini ya mia, simu za watu watatu zililia, na yeyote kati yao aliweza kufungua kikomo bila kumwuliza mtu. Kisha akatengeneza mafuriko ya uongo, ujumbe elfu mbili kwa saa moja, akaurushia mfumo tena na tena mpaka akaona hautetereki. Kila alipomaliza kitu, alitafuta kingine. Chakula alikula akiwa amesimama.

Abdiqani alimwambia, "Mfumo umepona. Wewe je?"

"Nataka kwenda Kotile," alijibu.

Barabara ilipofunguka walikwenda pamoja na gari la shirika. Kotile ilikuwa imerudi kuwa nchi kavu, lakini alama ya maji ilikuwa ukutani mwa kila nyumba, juu ya kiuno cha mtu mzima, na kila mahali palinuka tope na wanyama waliokufa. Walielekezwa kwa Rukiyo, binti wa marehemu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa mbele ya nyumba yake akikwangua tope kwenye vyombo kwa kipande cha bati.

"Assalamu alaikum, eeddo," alisema Yurub, akimwita shangazi. "Pole kwa msiba."

"Wa alaikum salaam. Ninyi ni wa serikali?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyetengeneza ile namba mnayotuma ujumbe."

Rukiyo aliacha kukwangua. Aliwakaribisha kwenye jamvi, akawaletea maji, na Yurub alishindwa kuyanywa. Alikuwa amepanga maneno tangu Garissa, ya ramani na salio na kikomo na foleni. Aliyasema kwa ufupi kadiri alivyoweza, kwa Kisomali, na alipofika kwenye sehemu ile hakuipita.

"Saa nne na nusu nilijua kinachowaziba. Niliizima saa tano na dakika kumi. Dakika arobaini hizo sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa nangoja ruhusa."

"Ya nani?"

"Ya mkubwa wangu."

Abdiqani alikuwa akitazama mikono yake.

"Sisi tulikuwa tunawangoja ninyi," alisema Rukiyo.

Yurub aliinamisha kichwa.

"Kifua kilimbana baba tangu alfajiri," Rukiyo aliendelea, bila kupandisha sauti. "Tulimpandisha kwenye kichuguu, mimi na wanangu, tukamshikilia. Aliuliza mara mbili kama boti inakuja. Nilimwambia inakuja. Simu haikujibu kitu mpaka chaji ikaisha, lakini nilimwambia hivyo. Adhuhuri ilipoingia akakata roho. Sasa wewe unataka nikuambie nini? Kwamba angekufa hata boti ingekuja? Sijui. Hata wewe hujui."

"Sijui," alisema Yurub. "Sikuja unisamehe. Nilikuja kwa sababu ungeweza kukaa miaka ukidhani hukutuma vizuri."

Kitu kilibadilika kidogo usoni mwa Rukiyo. Alitazama pembeni, kule mto ulikokuwa. "Nilituma mara nne," alisema. "Nilidhani nimekosea kuandika. Sijasoma sana. Kila usiku nafikiria, labda niliandika vibaya."

"Hukukosea. Nimeziona zote nne. Uliandika sawasawa."

Rukiyo alijifunika uso kwa ncha ya mtandio na akalia, kwa mara ya kwanza tangu wafike, bila sauti, mabega yakimtikisika. Yurub hakujua kama amguse. Mwishowe alisogea tu karibu yake kwenye jamvi, akabaki hapo.

Baadaye Rukiyo alijifuta macho, akatoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa dera. "Nikituma sasa, itajibu?"

"Jaribu."

Aliandika polepole, herufi moja moja, akabonyeza. Yurub alikuwa amejaribu mfumo ule mara elfu moja, lakini sasa alihesabu sekunde. Simu ikalia mkononi mwa Rukiyo. Aliusoma ujumbe kwa kunong'ona, Tumepokea, boti inakuja, akausoma mara ya pili, kisha akairudisha simu mfukoni.

Abdiqani alijaribu kuinuka kuaga. Rukiyo alimkatiza.

"Mnakwenda wapi? Kuna godoro ndani limejaa maji, mimi na wanangu limetushinda kulitoa. Wewe mnene, shika upande ule. Na wewe," alimwambia Yurub, "vua viatu hivyo vizuri, kwanza tunaanza na tope."

Yurub alivua viatu, akapandisha buibui na kulifunga kiunoni, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani. Walifanya kazi mpaka adhana ya alasiri.